Chozi la Shemeji

Mkoba ulimpata sikioni kabla hajamwona mwenye mkoba. Ulikuwa mkoba mweusi, mzito, wa wale akina mama wanaotembea na nyumba nzima begani, na ulipotua mara ya pili, safari hii juu ya kofia, miwani yake ya jua iliruka ikaangukia kwenye toroli la mtu, katikati ya sabuni na karatasi za chooni.

"Mwizi wee! Mla mali ya yatima!" sauti ya mama mmoja ilipasua duka zima. "Na wewe umekuja kununua mkate? Kwa hela ya nani?"

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na anayejua maduka makubwa anajua foleni za kulipia zinavyokuwa siku hiyo. Watu waliokuwa wakisonya na kutazama saa wakasahau shida zao, wakageuka kutazama sinema ya bure. Aliyepigwa alikuwa mwanamume mrefu, maji ya kunde, shati jeupe limenyooshwa mpaka linang'aa, na kofia ilipomtoka kila mtu akamtambua. "Shemeji huyo! Leo kapatikana!" alicheka mtu wa nyuma, na simu zikaanza kuinuliwa juu.

Tuelewane mapema: bwana huyu hakuwa amemwibia mtu hata kijiko. Alikuwa mwigizaji. Kwa miaka mingi kila Alhamisi jioni alionekana kwenye tamthilia akiwa yule shemeji mwenye maneno matamu, aliyemlilia kaka yake makaburini mpaka watu wazima wakatafuta leso, kisha wiki iliyofuata akamtoa mjane nyumbani na watoto wake. Aliicheza nafasi ile vizuri kupita kiasi, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kuanzia walinzi wa benki hadi daktari wake wa meno, wote walimwita Shemeji, na nusu yao walificha pochi alipopita.

"Mama! Jamani mama, unanitia aibu!"

Mwanamke wa miaka thelathini na ushee alikuja mbio na chupa ya mafuta ya kupikia mkononi. Alivaa shati la njano, suruali ya buluu na raba nyeupe, na kichwani amefunga kitambaa chenye madoa madoa kilichokuwa kimeanza kufunguka kwa zile mbio. Akaushika mkoba kwa mkono ulio huru.

"Mama, huyu anaigiza tu. Anapewa maneno, anayasema, analipwa, anakwenda zake kulala."

"Anaigiza?" Mama alihema, maua makubwa ya gauni lake yakipanda na kushuka. "Vile alivyolia kaburini ndiyo kuigiza? Mtu hawezi kulia vile kwa kuigiza, mwanangu. Yule alikuwa anajua anachokifanya."

"Pole sana, kaka," binti alisema. "Umeumia?"

"Sijaumia. Huyu mama angekuwa kwenye kamati ya tuzo, kabati langu lingekuwa limejaa."

Binti akacheka bila kutaka, akaonyesha mwanya, kisha akakumbuka aibu yake na kumvuta mama kuelekea mlangoni. Alipogeuka, mgongoni mwa shati la njano kulikuwa na maandishi makubwa: JIFUNZE UDEREVA KWA MWALIMU MWENYE SUBIRA. Chini yake, namba ya simu.

Shemeji aliisoma namba ile mpaka akaikariri. Tusimsingizie kwamba ni mwanya peke yake uliomfanya aikariri. Wiki ile alikuwa amepata bahati aliyoililia tangu aanze kazi: filamu ya sinema, si ya runinga, na yeye ndiye mhusika mkuu, dereva wa gari la wagonjwa, mtu mwema kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwongozaji wa filamu alimuuliza swali moja tu, "Gari unaendesha?" na yeye akajibu, "Tangu ujana wangu." Uongo mtupu. Lile gari jeusi la kifahari aliloliendesha kila Alhamisi lilikuwa likisukumwa na wanaume wanne waliojificha nyuma.

Akapiga simu palepale kwenye foleni.

"Haloo, shule ya udereva, karibu."

"Natafuta mwalimu mwenye subira."

"Walimu wetu wote wana subira."

"Namtaka yule ambaye mama yake hana."

Shemeji akainua macho, akamwona binti karibu na mlango, simu sikioni, chupa ya mafuta imebanwa kwapani, akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Masomo ni asubuhi," mwalimu alisema. "Na ukinichelewesha, nakurudisha kwa mama."

*

Darasa lilikuwa gari dogo jeupe lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Ya mwalimu haikuwa na kazi. Shemeji alifunga breki kwa kila kitu: mbwa aliyelala ng'ambo ya pili, mfuko wa plastiki, kivuli cha mti.

"Kaka, barabara ni nyeupe kabisa. Unamsimamia nani?"

"Naona kama kuna mtu anafikiria kuvuka."

"Anafikiria? Haya, na sisi tukae hapa mpaka aamue." Nyuma yao honi zilikuwa zimeshaanza. "Achia klachi polepole. Polepole! Mama yangu wee... Gari limezima tena."

"Kwenye tamthilia huwa halizimi."

"Kwenye tamthilia una wanaume wanne. Hapa una mimi. Wewe jina lako ni Breki, nimeshakubatiza."

Na akawa Breki. Mapenzi yalipoingia, yaliingia humo humo garini, kati ya gia ya pili na ya tatu, mkono wa mwalimu ukiwa juu ya mkono wake akimfundisha kubadilisha, na mmoja kati yao akachelewa kuutoa. Nani alichelewa, mpaka leo wanabishana. Masomo ya saa moja yakawa ya saa mbili. Simu zikawa za asubuhi, mchana na jioni kama dawa.

"Umekula, Breki wangu?"

"Nimekula. Wewe umevaa nini?"

"Shati la njano. Nitavaa nini, na mimi ndiyo tangazo?"

"Basi lile shati lina bahati."

"Hayo maneno umeyatoa tamthilia gani?"

"Haki ya Mungu, nimeyatoa kichwani."

Walicheka, na wakati ule swali lile lilikuwa mzaha mtupu.

Tatizo lilikuwa mama. Mwalimu aliishi na mama yake, na mama hakuwa mtu wa kuambiwa "yule mwizi wa Alhamisi ndiye nampenda" akakaa kimya. Wakawa wanasema tusubiri, tumzoeze kidogo kidogo. Asubuhi moja, gari likiwa limezima kwenye mzunguko wa barabara, mama akapiga, na mwalimu kwa haraka ya kutaka kuikata akabonyeza spika.

"Uko na nani? Nasikia mtu anapumua."

Mwalimu akaduwaa. Shemeji akasafisha koo, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba kidogo, ya puani, ya polepole, ya mtu aliyekulia kwenye ofisi yenye mafaili na hajawahi kugombana hata na nzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Jamani, sauti ya adabu hii. Wewe ni nani, baba?"

"Mimi ni mwanafunzi wa mwalimu, mama. Nafanya kazi ya bima. Bima za magari."

Mwalimu alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kilichoanza kama mzaha kikaota mizizi. Mama akaomba namba ya yule kijana wa bima, akaiandika kwenye simu yake "Mkwe", na kila siku mbili tatu akawa anampigia kumweleza habari za goti lake, za jirani, za mtoto wake asiyetaka kuolewa. Shemeji alimsikiliza kwa ile sauti ya puani, akamshauri, akamwombea dua. Mama akamwambia binti yake, "Huyu usimwachie. Huyu si kama wale wa kwenye runinga."

"Tutamwambia lini?" mwalimu aliuliza.

"Tutamwambia. Acha kwanza anipende."

"Anampenda wa bima. Wewe bado anakuchukia."

"Si ni mtu mmoja?"

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na ya Shemeji ilikuwa imeshaanza kuisha, ila yeye alikuwa bado anatembea kwa furaha.

*

Siku moja Shemeji akampeleka mwalimu kazini kwake, ajivune naye. Tamthilia ilipigwa picha kwenye ghala la zamani lililogawanywa vyumba vya mbao: sebule ya mjane upande huu, ofisi ya wakili upande ule, nyaya zimetambaa sakafuni kila mahali. Mwalimu alipewa kiti nyuma ya kamera, akakaa na mkoba wake mapajani, macho yote mbele.

Siku hiyo Shemeji alikuwa na kazi ya kumwomba mjane msamaha wa uongo. Mwalimu akamwona akimuuliza kitu mtu wa taa. Akamwona akisogea hatua mbili kulia, akiinua kidevu, akisubiri. Kisha likaja. Chozi moja, jicho la kushoto, likashuka taratibu mpaka kwenye pembe ya mdomo, na sauti ikamkatika mahali pale pale moyo wa msikilizaji unapokatika. Mwalimu akajikuta na yeye analia.

"Kata!" mwongozaji wa tamthilia alipiga kelele.

Shemeji akajifuta shavu kwa kiganja, akageuka. "Chai ipo?"

Njiani mwalimu alimwacha aendeshe mwenyewe na hakumcheka hata alipomsimamia kunguru.

"Hukupenda?" Shemeji alimuuliza.

"Nimependa mno. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Sijui. Endesha."

Shemeji akafikiri mwalimu amechoka. Akaendesha.

Wiki haikupita, mama akashikwa na mafua makali, akampigia mkwe wake wa bima kulalamika. Shemeji alikuwa na mwalimu kwenye mgahawa wenye meza za bati, mchana, wanakunywa soda. Akaipokea kwa ile sauti. Akambembeleza mama kwa utaratibu, akamwambia anywe maji ya moto, ajifunike, na mwisho akasema, "Mama, mimi sina mama. Wewe ndiye mama yangu sasa. Nakupenda kama aliyenizaa." Upande wa pili mama akalia kabisa. Shemeji akakata simu, akamgeukia mpenzi wake, macho yanang'aa.

"Vipi, nimepatia?"

Mwalimu akaweka soda mezani.

"Umepatia nini?"

"Pale mwisho. Kile kituo kidogo kabla ya 'aliyenizaa'."

"Ulikuwa unamaanisha?"

"Namaanisha nini?"

"Ulichomwambia mama yangu. Kwamba unampenda."

"Aa, mpenzi, nampenda, ndiyo. Lakini pale alikuwa anaongea yule wa bima, unajua, mimi nilikuwa tu..." Akasita. Alijisikia amekanyaga mahali pasipo na sakafu.

"Mama ana sauti yake," mwalimu alisema polepole. "Mjane ana sauti yake. Na mimi, nimepewa sauti ipi?"

"Hii hapa. Hii ndiyo yangu."

"Nitajuaje?"

Akainuka. Shati la njano likapita kati ya meza, namba ya simu mgongoni, na Shemeji akabaki na soda mbili na akili moja iliyosimama.

*

Alipiga simu mara ngapi hata yeye hajui. Hazikupokelewa. Alipofika kwa somo lake akakuta amepangiwa mwalimu mwingine, mzee mmoja aliyelala mara tu mkanda ulipofungwa, akiamka tu kusema, "Kulia, baba," hata pasipokuwa na kulia. Siku ya tatu Shemeji akamvizia mwalimu wake kwenye ukumbi mdogo wa shule ile, mahali walipobandika picha za alama za barabarani. Ilikuwa saa tisa mchana.

"Nipe dakika moja tu," alisema. "Nilikosea. Nilimdanganya mama na nikaufurahia uongo wangu. Lakini wewe sijakudanganya hata siku moja. Unanisikia? Nikiamka wa kwanza ni wewe. Nikifanya kosa barabarani nasikia sauti yako. Usiniache, mwalimu. Nakuomba."

Na alikuwa anamaanisha kila neno, kifua kimembana. Machozi yakaja. Likatangulia moja, jicho la kushoto, likashuka taratibu.

Mwalimu alikuwa anamtazama miguuni.

"Umesogea," alisema.

"Nini?"

"Ulikuwa umesimama pale, penye giza, karibu na mlango. Ulipoanza kulia ukasogea hatua mbili. Ukaja hapa." Akaonyesha sakafu. Jua la dirishani lilikuwa limetandika mraba mweupe, na Shemeji alikuwa amesimama katikati yake, kidevu juu. "Umeutafuta mwanga."

Shemeji akatazama chini. Kweli. Viatu vyake vilikuwa ndani ya mraba, vimenyooka, kama vimepangwa na mtu.

"Mimi sikujua..."

"Najua hukujua. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nakupenda, Breki. Nakupenda sana na sijui nampenda nani. Nenda kazini kwako."

*

Akaenda kazini kwake, na huko ndiko alikokwenda kuumbuka. Ilikuwa aombe msamaha tena, safari hii mbele ya familia nzima. Mwongozaji akasema anza. Shemeji akasogea kwenye mwanga, akakumbuka, akatoka kwenye mwanga.

"Shemeji, taa iko huku!"

Akarudi. Akainua kidevu, akajiona anainua kidevu, akakishusha. Akasema maneno yote, na jicho likabaki kavu. Wakarudia. Wakampaka dawa ya machozi, yakamtoka mengi, ya kuwashwa, akaonekana mtu aliyekata vitunguu. Mwigizaji aliyeigiza mjane akamshika mkono, akamuuliza kwa upole kama kuna msiba. Mwongozaji akatupa kofia chini.

"Una nini wewe? Kazi ya miaka yote hii, leo umesahau kulia?"

"Sijasahau. Nikitaka kulia najiuliza kama ni mimi."

"Wewe ni Shemeji! Nani kakwambia uwe wewe?"

Tamthilia yenyewe hupigwa picha wiki hii ikaonyeshwa wiki ijayo, haina muda wa kumsubiri mtu ajitafute. Mwandishi akaitwa, akakaa pembeni na kompyuta yake, na kabla chai haijaisha Shemeji alikuwa amesukumwa kwenye ngazi na mjane, akavunjika shingo, akafa. Alilala chini ya ngazi zile za mbao, macho wazi, akisikia watu wakipiga makofi, na kwa mara ya kwanza alicheza vibaya wala hakuna aliyeona. Maiti haihitaji kumaanisha.

Akatoka pale hana kazi. Usiku hakulala, akili ikizunguka pale pale: alilia kweli au alijiliza? Kama alilia kweli, miguu ilikwenda kutafuta nini dirishani? Na kama miguu iliigiza, kifua kilikuwa kinauma cha nini? Asubuhi akampigia mwongozaji wa filamu, akamwambia ukweli kwamba hajui kuendesha gari, alidanganya, atafute mwingine.

Mwongozaji wa filamu akacheka sana. "Waigizaji wote mnajua kuendesha, kuogelea na kupanda farasi mpaka siku ya kazi. Jifunze. Bado kuna muda."

Angefurahi siku nyingine. Siku hiyo akashukuru tu, akakata simu.

*

Jumapili iliyofuata ile Alhamisi aliyokufa, asubuhi, akabisha hodi kwa akina mwalimu. Nyumba ya ghorofa, mlango wa kijani, sauti ya redio ndani. Mama akafungua na ufagio mkononi, na ufagio ukamdondoka.

"Wewe si umekufa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba... Nilikuona kwa macho yangu Alhamisi. Nilipiga makofi!" Akauokota ufagio. "Umefuata nini hapa?"

"Mama, mimi ndiye yule wa bima."

"Koma! Koma kabisa! Usimtie mdomoni mwako kijana wa watu."

"Ni mimi, mama. Nilibadilisha sauti. Nilikuogopa."

Angeweza kuitoa ile sauti ya puani palepale, sentensi moja tu, na mama angeamini. Ilimfika mpaka kwenye ulimi. Akaumeza ulimi wake. Mama akatoa simu kwenye mfuko wa gauni, akavaa miwani, akabonyeza neno "Mkwe", akaiweka sikioni kwa ushindi, tayari kumwita mwenyewe aje atoe ushahidi.

Simu ikalia kwenye mfuko wa shati la Shemeji.

Mama akaisikiliza ikilia mpaka ikanyamaza. Kisha akakaa kwenye kiti cha karibu, ufagio magotini.

"Umeniulia kijana wangu," alisema. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko mkoba. "Nilimweleza mambo yangu ya ndani. Nilimwambia habari za marehemu mume wangu. Kumbe nilikuwa naongea na nani?"

"Na mimi, mama."

"Wewe ndiye nani?"

Mlango wa chumbani ulikuwa umefunguka zamani. Mwalimu alikuwa amesimama pale, kanga begani, kitambaa cha kichwa hakijafungwa, macho yamevimba kama ya mtu ambaye naye hakulala. Hakusogea.

"Mwache, mama. Atanijibu mimi," alisema, akamgeukia Shemeji. "Bila kuzunguka. Unanipenda, au unaigiza?"

Shemeji akafungua mdomo, na maneno yakaja mengi. Yalikuja yamepangwa, mazuri, yenye vituo na pumzi. Alipoyatazama moja moja akaona yote alishawahi kumwambia mtu mwingine chini ya taa. Akayaacha yapite.

"Sijui," alisema.

"Hee!" mama akaruka kitini. "Amekuja mpaka kwangu kusema hajui!"

"Sijui, mwalimu. Siku ile dirishani nilikuwa nalia kweli. Na mwanga niliutafuta kweli. Vyote viwili. Nimejaribu kuvitenganisha nimeshindwa, kazi imenishinda, usingizi umenishinda. Uso wangu huu nimeufanyisha kazi miaka mingi, sasa sijui ukiwa nyumbani unakaaje." Alikuwa anababaika, mikono hajui aiweke wapi, sentensi zinaanguka ovyo. "Nikikaa bila wewe naumwa. Hapa, na hapa. Kama huko ndiko kupenda, basi nakupenda. Kama siyo, basi sijui kunaitwaje, lakini ninako."

Mwalimu akaegemea mlango.

"Hayo nani kakuandikia?"

"Hakuna. Hakuna mwandishi aliyewahi kunipa neno 'sijui'. Nani atafungua runinga amsikilize mtu asiyejua?"

Akaona kitu kimepita usoni mwa mwalimu, kicheko au kilio, hakutambua, na hata mwenyewe labda hakutambua. Mwalimu akaja, akamvutia kiti mezani, akakaa mkabala naye.

"Na mimi sijui," alisema. "Nikikuangalia sasa hivi sijui kama ndiyo wewe au ni mwingine. Labda hata sitajua. Sasa nisikilize. Kule kazini kwenu mtu husema kata, mnakunywa chai, mnakwenda nyumbani. Hapa hakuna wa kusema kata. Nitaumwa, na utaendelea. Nitanuna wiki nzima, utaendelea. Nitazeeka meno yatoke. Mama atakutukana kila Alhamisi. Utaweza?"

Shemeji alifikiri. Alifikiri kweli, paji limekunjamana, mdomo wazi, kwa muda mrefu kiasi kwamba mama akaanza kukohoa.

"Nitachoka," alisema.

"Ukichoka je?"

"Nitakaa hapo hapo. Nimechoka."

Mwalimu akashusha pumzi. Akaivuta kanga yake ikae sawa begani, akaupeleka mkono wake mezani, akauacha pale.

"Basi nioe," alisema, "hivi hivi, tusivyojua."

Shemeji akaushika ule mkono kabla mwalimu hajamaliza kusema. Redio ndiyo iliyoongea, habari za hali ya hewa. Mama alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akaegemeza ufagio ukutani, na kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi akauliza wazee wa huyu kijana watakuja lini.